Dawa za Kyeni

"Ya bluu."

"Aunty, ya bluu ni maji ya rangi."

"Nimesema ya bluu. Gari ni yangu."

"Gari ni yako, sawa. Na bibi atakuwa wa nani? Wako ama wangu?"

"Wathome, usiniongeleshe hivyo mbele ya watu."

"Watu gani? Hapa ni Kimotho peke yake. Kimotho si watu."

Kimotho hakukasirika. Alikuwa ameegemea kaunta ya duka lake la spea, hapo nyuma ya soko la Machakos, na ile chupa ya bluu imesimama mbele yake kama mtoto anayegombaniwa na wazazi. Chupa ilikuwa ndogo, na kwa karatasi yake kulikuwa na picha ya injini safi kuliko sahani za harusi.

"Mimi niko hapa kuuza tu," alisema. "Mkimaliza kupigana mtaniambia. Lakini kijana, hii dawa inaosha nozo za injini mpaka zinaimba. Chupa moja kwa tanki, basi. Unasahau mambo ya moshi."

"Wewe hata gari huna, Kimotho. Uko na baiskeli."

"Na baiskeli yangu haitoi moshi."

Aunty Nzembi alicheka, na akishacheka alikuwa ameshinda. Alichukua chupa, akaitupa ndani ya kiondo, akamwambia Kimotho aandike kwa jina lake. Wathome alipiga teke jiwe lililokuwa mlangoni. Hakuwa na dawa nyingine ya kutaja. Alijua tu kwamba hataki ile, kwa sababu ilichaguliwa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Walipotoka walikubaliana kwamba hakuna wa kuweka kitu kwa tanki mpaka waelewane.

Sasa, hiyo lori. Ilikuwa Isuzu TX, ile ya pua ndefu, na umri wake hakuna aliyejua vizuri kwa sababu kila mtu aliyeiuza alimdanganya aliyenunua. Juu ya kichwa iliandikwa KYENI kwa rangi ya njano. Kyeni kwa Kikamba ni mwanga, lakini mahali hiyo gari ilipita watu walifunga madirisha. Ilibeba mchanga, ilibeba maharagwe, ilibeba mbuzi kutoka Konza, na Jumapili zingine ilibeba kwaya. Kwa barabara ya tambarare haikuwa na maneno. Shida ilikuwa milima. Ikifika mahali pa kuinua pua, inakohoa, inajikaza, inakohoa tena, halafu inazima kimya kabisa kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka.

Na Machakos ukitoka mjini kidogo, milima iko kila upande.

Aunty Nzembi, dada ya marehemu baba yake Wathome, ndiye alikuwa mwenye Kyeni, na ndiye alimlea Wathome tangu aache shule darasa la saba akisema mwalimu anamchosha. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa mambo ya mafuta alikuwa na sheria moja tu: weka ya kufika. Ukienda Kyumbi, weka ya Kyumbi. Ukienda Kola, weka ya Kola na kurudi. Gari ikilala na dizeli, alisema, vijana wa ploti watanyonya na mpira, na asubuhi utaikuta inapiga miayo. Hakuwa peke yake. Wenye malori wote pale walifanya hivyo hivyo. Ungezunguka mji mzima ukiuliza madereva tanki zao zinabeba lita ngapi, wangekuangalia kama umewauliza urefu wa mbingu. Kila mmoja alikuwa na kijiti chake cha kupima, na alama kwa hicho kijiti haikupita nusu, kwa sababu hapo juu hakukuwa na kitu cha kupima.

Sasa, kwa nini watu wagombane juu ya dawa ya gari mpaka waingize bibi?

Ni hivi. Mwezi wa sita Wathome alienda kujitambulisha kwa kina Syombua. Syombua alikuwa fundi wa cherehani kwa kiwanda kimoja hapo EPZ Athi River, msichana mrefu, mcheshi, mwenye kumjibu Wathome neno kwa neno. Nyumbani kwao ni huko juu Iveti, katikati ya mashamba ya kahawa, mahali barabara inapanda ikijipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Wazee walivaa suti, wakapanda Kyeni. Na Kyeni ikapanda vizuri, ikapanda, mpaka ile kona ya mwisho chini ya boma. Hapo ikakohoa. Hapo ikazima. Wazee wakashuka, wakamaliza mlima kwa miguu wakipumua kama mivukuto, na Aunty Nzembi nyuma yao na kreti ya soda kichwani.

Mwangangi, baba yake Syombua, alisimama langoni akiangalia maandamano hayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na ubaya wa Mwangangi, yeye mwenyewe alikuwa dereva. Alivuta trela kutoka Mombasa mpaka Malaba miaka yake yote ya nguvu kabla arudi nyumbani kuchuma kahawa. Aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, akasikiliza hotuba zote. Mwishowe alimwangalia Wathome akasema:

"Kijana, wewe ni dereva na hujui gari yako inakula nini. Utajua msichana wangu anakula nini?"

Hakuna mtu alicheka. Halafu akaongeza:

"Mkija na mbuzi za ntheo, mje na hiyo hiyo lori. Usiniletee ya kuazima. Ikifika hapa kwa lango na miguu yake, tutaongea. Isipofika, kunywa soda yako urudi."

Ntheo ndiyo mbuzi zinazopelekwa kwa kina msichana. Bila hizo, unaweza kukaa na bibi hata mpate wajukuu, na bado kwa Wakamba huyo bibi si wako. Na zikipelekwa, maneno hayaishi kwa hotuba. Yanaisha mwenye boma akishika kamba. Akishika kamba ya mbuzi, amekubali. Asiposhika, unarudi na mbuzi zako, na njia nzima watu wanakuuliza mbona zinatembea kurudi.

Siku ya ntheo ilikuwa Jumamosi. Ugomvi wa duka la Kimotho ulikuwa Jumatano.

Alhamisi Wathome alienda kuchukua mbuzi kwa Shire. Huyu Shire alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali mwembamba wa ndevu nyekundu za hina, mtu wa maneno machache isipokuwa ukitaja malori. Ukitaja malori alikuwa redio.

"Warya, nani amekuambia ya bluu?" Shire aliuliza, akiwa ameshika mbuzi taya ili Wathome aone meno. "Kimotho? Kimotho anajua nini? Mimi lori yangu inatoka Garissa na ng'ombe, jua kali, mchanga, hakuna mtu wa kusukuma. Najua nini inaiamsha? Ile oili nyekundu ya gea. Lita moja kwa tanki. Pampu inakunywa, inakuwa laini kama nyama ya ngamia mdogo."

"Nyekundu kabisa?"

"Nyekundu kama ndevu yangu. Walahi, utanishukuru na mbuzi."

"Mbuzi ni zako, nitakushukuruje nazo?"

"Basi utanishukuru na mtoto. Umwite Shire."

Wathome alipenda jibu hilo. Alipenda pia kwamba Shire aliwahi kukwama jangwani na akatoka. Jioni hiyo, Aunty Nzembi akiwa mazoezi ya kwaya, alinunua lita moja ya oili nyekundu, akafungua kifuniko cha tanki, akamwaga yote. Aliporudi Aunty, alimkuta anaosha vioo vya lori akipiga mluzi wa furaha kama mtu asiye na siri yoyote.

Lakini hata yeye Aunty alikuwa anapiga mluzi. Hilo Wathome hakulishangaa wakati huo.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Agosti inayouma masikio. Wazee walikuja mapema, watatu, wakiongozwa na Mzee Kilungya, msemaji wa ukoo, aliyevaa kofia yenye unyoya. Mbuzi zilikuwa zimefungwa nyuma ya lori. Mama za kwaya walikuwa wamekaa juu ya magunia na vitambaa vyao. Wathome alipanda, akasema "Haya mama," akawasha.

Kyeni iliwaka. Halafu ilitoa moshi ambao haujawahi kuonekana pale. Haukuwa ule mweusi wa kila siku. Huu ulikuwa wa bluu, halafu mweupe, mzito, wenye harufu ya chapati iliyoungua ikichanganyika na peremende. Ulipanda ukuta, ukafunika kamba ya nguo ya jirani, ukaingia kwa nyumba ya jirani, na jirani akatoka na ndoo ya maji akiuliza ni wapi kunawaka. Mbuzi zilianza kupiga chafya. Mzee Kilungya alivua kofia akaitumia kujipepea.

"Aiya!" Aunty Nzembi alipiga kelele. "Wathome! Umeifanya nini?"

Wathome alizima. Aliruka chini, akafungua tanki, akachovya kijiti chake. Kilitoka kimelowa chini tu, kipande kama kidole. Akakinusa. Akakiangalia kwa jua. Kulikuwa na wekundu, huo aliujua. Kulikuwa na harufu ya peremende.

"Aunty. Uliweka ile chupa?"

Aunty aliangalia mbuzi.

"Aunty Nzembi."

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Yote. Jumatano hiyo hiyo. Ulikuwa umeenda kula." Halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa. "Na wewe? Huo wekundu ni wa nini? Hiyo tanki imekata mshipa?"

"Ni ya Shire," Wathome alisema. "Lita moja."

"Uliniambia hutaweka kitu!"

"Na wewe uliniambia utaningoja tukubaliane!"

Wazee walisogea karibu, kwa sababu ugomvi mtamu unapunguza hata baridi. Lakini Wathome alikuwa bado ananusa kijiti. Kulikuwa na kitu cha tatu. Oili nzito, ya injini, iliyoshikilia mti kama asali.

"Na hii nyeusi je?"

Aunty Nzembi alijifunga leso upya ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Hiyo," alisema polepole, "hiyo ni ya bibi yako. Alipita jana akitoka kazini, akielekea kwao. Wewe ulikuwa umeenda kuchukua soda. Alikuwa na kopo. Akasema babake alikuwa akiweka oili kwa trela yake kila safari, kopo moja kwa tanki, na haikuwahi kumwangusha mpaka Malaba. Akasema, aunty, tuweke tu, tusimwambie Wathome, yeye ana kichwa ngumu. Nikaona ni msichana mzuri, anajali gari."

"Na ukijua umeshaweka yako."

"Ningemwambiaje mtoto wa watu kwamba oili ya babake hatuitaki? Huyo ni mkwe! Mkwe anaweza kuletewa kitu akakikataa, lakini wewe huwezi kukataa kitu cha mkwe."

Kwa hilo Mzee Kilungya aliitikia kwa kichwa. Sheria ni sheria.

Wathome alikaa chini kwa ngazi ya lori. Alitaka kupiga mtu, lakini kila aliyemfikiria alikuwa anampenda. Kimotho alisema chupa moja kwa tanki. Shire alisema lita moja kwa tanki. Mzee Mwangangi alisema kopo moja kwa tanki. Kwa tanki, kwa tanki, kwa tanki. Akaangalia tena kijiti chake, kile kipande kilicholowa kama kidole.

"Tanki gani?" alisema kwa sauti.

"Nini?"

"Aunty, wote wanasema kwa tanki. Tanki yetu imewahi kujaa lini? Tumeweka dawa ya ng'ombe mzima ndani ya kuku."

"Basi tumwage yote."

"Tumwage wapi, tuchelewe mpaka saa ngapi? Hapana. Tutaijaza."

Aunty Nzembi alishika kifua. "Kujaza?"

"Mpaka juu."

"Na usiku ikinyonywa?"

"Usiku nitalala ndani yake. Nitalala na bibi yangu ndani yake kama nikimpata. Lakini leo, Aunty, leo inajazwa."

Mzee Kilungya alikohoa, akasema kwamba kama shida ni mafuta, ukoo hauwezi kushindwa na mafuta, na akavua kofia akaizungusha. Wazee wakatoa, mama za kwaya wakafungua vitambaa vyao mahali wanapoweka sadaka, na Aunty Nzembi, alipoona anaaibishwa na gari yake mwenyewe, akaongeza pesa zilizobaki akinung'unika.

Kwenye petroli stesheni ya kutokea mjini, jamaa wa pampu alikuwa anawajua. Alishika mpira akasema, "Ya wapi leo, Kyumbi?"

"Jaza," Wathome alisema.

"Ya kufika wapi?"

"Mbinguni. Jaza."

Jamaa alimwangalia Aunty Nzembi. Aunty akageuza uso kama mtu anayechomwa sindano. Jamaa akaanza kumimina, akimimina akichungulia, akimimina akitingisha kichwa, na akamwita mwenzake aje aone. Ilipofika juu ya nusu, maji yalianza kusikika. Hayakuwa maji. Ilikuwa dizeli inachuruzika chini, kutoka kwa katundu kadogo ubavuni mwa tanki, juu, mahali ambapo dizeli haikuwahi kufika tangu Kyeni ije Machakos.

"Sabuni!" Wathome alipiga kelele. "Nani ana sabuni?"

Mama mmoja wa kwaya alikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, alikuwa amekibeba awasaidie kina Syombua kuosha vyombo. Wathome alikikanda na mate mpaka kikawa laini, akakibandika kwa tundu, akakisukuma na kidole gumba. Dizeli ikanyamaza. Jamaa wa pampu akaendelea kujaza, na tanki ikakubali, ikakubali, mpaka ikalia ile sauti ya kushiba ambayo Wathome hakuwa ameisikia kwa gari hiyo hata siku moja.

Aliwasha. Moshi ulitoka kidogo, wa kawaida, wa heshima. Mbuzi ziliacha kupiga chafya. Mama za kwaya wakaanza wimbo.

Njia nzima Mzee Kilungya, aliyekaa katikati ya Wathome na Aunty kwa kabini ya dereva, alikuwa anamfundisha.

"Ukifika, mzee atakuuliza umeweka dawa gani. Wewe sema oili yake. Sema oili yake ndiyo imesaidia."

"Lakini si oili yake."

"Umeulizwa kama ni oili yake? Umeambiwa useme."

"Sikiliza mzee, Wathome," Aunty alisema. "Leo tu. Leo shika huo mdomo. Kesho utaufungua."

Wathome alikuwa anasikiliza gari. Walipita mahali pa kwanza pa mlima, Kyeni ikashuka gea, ikavuta. Walipita pa pili, ikavuta. Kahawa ilianza kuonekana pande zote mbili, na upepo wa juu ukaingia dirishani, mzuri, wenye harufu ya udongo. Na mbele ikaja ile kona ya mwisho, ile ile, na barabara ikasimama kama ukuta.

Gari iliinua pua. Wathome alijisikia analala nyuma kwa kiti, na wazee wakalala nyuma, na nyuma kabisa mama za kwaya na mbuzi wakateleza wote pamoja wakipiga mayowe. Na papo hapo, akiwa ameegemea hivyo, mgongo kwa kiti na uso kwa mawingu, akaelewa. Kila kitu kinateleza nyuma. Hata dizeli. Ikiwa kidogo, inakimbilia nyuma ya tanki, na ile paipu ya kunyonya iko mbele. Inanyonya hewa. Gari inakohoa, inazima. Ukishuka, ukiirudisha chini kwa tambarare, dizeli inarudi mahali pake na gari inawaka kama hakuna kilichotokea. Miaka yote hiyo. Nozo, pampu, moshi, chupa, ndevu ya Shire. Miaka yote.

Alianza kucheka peke yake.

"Amepagawa," Mzee Kilungya alimwambia Aunty.

Kyeni ilipita kona. Haikukohoa hata mara moja. Ilifika langoni kwa Mwangangi ikinguruma, na Wathome akapiga honi ndefu ambayo ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na wanawake wa boma wakajibu kwa vigelegele. Syombua alikuwa mlangoni kwa jikoni na kitambaa kichwani. Aliangalia lori, akaangalia Wathome, halafu akajifanya anaangalia sufuria.

Mwangangi alitoka polepole na fimbo yake. Alizunguka gari nzima. Aliinama akanusa moshi nyuma. Aligusa tairi, akaona ile sabuni kwa tanki, akaigonga na kucha. Ndio akaja mahali Wathome alikuwa amesimama na kamba za mbuzi mkononi.

"Wakya?" alimsalimia kwa Kikamba.

"Aa."

"Imefika."

"Imefika, mzee."

"Umeipa nini?"

Nyuma yake Aunty Nzembi alikohoa. Mzee Kilungya alikohoa. Kutoka jikoni, Syombua hakuweza kuvumilia: "Baba, ni ile oili yako! Mimi mwenyewe nilipeleka!"

"Na ya bluu," Aunty akasema haraka, kwa sababu roho ilimuuma. "Ya bluu pia ilisaidia, tusidanganyane. Ilikuwa ya kwanza kuingia."

"Mimi namuuliza dereva," Mwangangi alisema.

Wathome aliangalia kamba mkononi mwake. Aliona uso wa Kilungya ukimwomba. Aliona Syombua amesimama na mwiko hewani, na akajua kwamba kwa neno moja tamu tu angekula nyama hapo, akacheza na kwaya, akarudi mjini mume wa mtu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alilitafuta mdomoni na hakulipata.

"Dizeli," alisema.

"Dizeli na nini?"

"Mzee, ndani kuna oili yako. Kuna chupa ya Aunty. Kuna oili nyekundu ya Shire, hiyo niliweka mimi kwa siri. Zote ziko ndani na asubuhi zilikuwa karibu zituue na moshi. Hakuna hata moja imepandisha hii gari."

"Mwaitu, mama yangu!" mama mmoja wa kwaya alisema chini chini.

"Hapo kwa kona gari inalala nyuma. Sisi tulikuwa tunaweka dizeli ya kufika tu. Hiyo kidogo inakimbilia nyuma, paipu inakosa. Leo tumejaza mpaka juu, hiyo ndiyo dawa. Hii lori haikuwa mgonjwa, mzee. Ilikuwa na njaa. Uliniambia sijui inakula nini. Ni kweli, sikujua. Nimejua hapo kwa kona yako, saa hii."

Mbuzi moja ilikula unyoya wa kofia ya Mzee Kilungya, na Mzee Kilungya akaiacha.

Mwangangi aliangalia chini kwa barabara, kwa ile kona. Aliiangalia muda mrefu, kama mtu anayehesabu milima mingine, ya zamani, ya mbali sana na hapo, na magari mengine yaliyozima.

"Trela yangu ilikuwa inazima kwa mlima wa Timboroa," alisema mwishowe. "Kila safari. Nikaanza kuweka oili. Na mwenye gari akaanza kunipa mafuta mengi, kwa sababu nilimwambia oili inataka tanki ijae ndio ichanganyike vizuri." Aligonga fimbo chini. "Ikaacha kuzima. Nikasema ni oili."

"Miaka yote hiyo, baba?" Syombua aliuliza.

"Wewe koroga sufuria yako."

Lakini mdomo wake ulikuwa unacheza pembeni. Alinyoosha mkono, ule mkubwa wa usukani, akachukua kamba kutoka kwa vidole vya Wathome, zote, akazizungusha mara moja kwa ngumi yake. Vigelegele vililipuka nyuma yake mpaka ndege wakaruka kutoka kwa miti ya kahawa.

"Hii ya mbele ina kichwa ngumu," Mwangangi alisema. "Kama mwenye kuileta."

Halafu akageuka, mbuzi zake nyuma yake, akatembea kuelekea nyumbani bila kuangalia nyuma.